Mwanafunzi wa sayansi na maktaba: Namna ya kutafuta yale ambayo wengine wamekwisha kuyajua

Wanafunzi wengi wa sayansi na uhandisi hufika mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza wakiwa hodari wa hesabu na maabara, lakini hawajawahi kufundishwa kutafuta maandiko ya kitaalamu. Makala ya juma hili inaeleza kazi hiyo hufanywaje, na kwa nini uzembe ndani yake waweza kugharimu maisha.

Juma hili tunaingia maktaba. Huenda wewe ni mwanafunzi uliyetoka Mombasa au Bujumbura ukaenda kusomea uhandisi Manchester au Muscat. Huenda ni mzazi unayemlipia mwanao karo Dar es Salaam, Kampala au Lubumbashi. Swali letu ni moja: mwanafunzi wa sayansi hujifunzaje kuyapata maarifa yaliyokwisha kuandikwa, na atajuaje kwamba ametafuta vya kutosha?

Msiba wa Baltimore

Tuanze na tukio la kusikitisha. Mwezi Mei mwaka 2001, mjini Baltimore nchini Marekani, mwanamke mwenye umri wa miaka 24, mzima wa afya, alijitolea kushiriki katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kuhusu ugonjwa wa pumu. Watafiti walitaka kufahamu jinsi mapafu ya mtu asiye na pumu yanavyozuia njia za hewa zisibane. Alipewa dawa iitwayo heksamethoniamu, akaivuta kwa pumzi. Haukupita muda akaanza kukohoa, mapafu yake yakaharibika, na tarehe 2 Juni akafariki dunia. Mwezi wa Julai serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda karibu utafiti wote uliohusisha binadamu chuoni hapo na kugharimiwa na fedha zake.

Kabla ya kuanza utafiti huo, mtafiti mkuu alikuwa ametafuta habari za usalama wa dawa hiyo. Alisoma vitabu vya kiada, kisha akatafuta katika PubMed, hifadhidata kubwa ya maandiko ya tiba. Lakini siku zile kumbukumbu za hifadhidata hiyo zilianzia mwaka 1966. Heksamethoniamu ilikuwa imetumika katika miaka ya 1950 kutibu shinikizo la damu, na taarifa za wagonjwa waliodhurika mapafu zilikuwa katika majarida ya miaka hiyo. Baada ya msiba, taarifa hizo zilitafutwa tena na zikapatikana.

Kamati zilizochunguza kifo hicho zilitaja kasoro kadhaa, wala hiyo haikuwa ya pekee. Hata hivyo wakutubi ulimwenguni wamekuwa wakilikumbuka tukio hilo kila wanapowafundisha wanafunzi. Kompyuta haikusema uongo. Iliulizwa swali, nayo ikajibu kwa kadiri ya ilichokuwa nacho. Ila haikuandika popote kwenye jibu lake kwamba kabla ya mwaka 1966 haijui lolote. Hilo ndilo fundisho tutakaloandamana nalo leo: kila chombo cha kutafutia kina mpaka wake, na ni juu ya anayetafuta kuujua mpaka huo.

Kwa nini wanafunzi wa sayansi huchelewa

Mwanafunzi wa historia au fasihi hutumwa maktabani tangu juma la kwanza. Mwenzake wa uhandisi hupewa kitabu kimoja cha kiada, maswali ya mazoezi na ratiba ya maabara. Majibu yapo nyuma ya kitabu. Kwa miaka miwili au mitatu maktaba kwake ni mahali penye utulivu, penye taa na feni, pa kufanyia mazoezi yale yale.

Kisha hufika mwaka wa mwisho. Anatakiwa kufanya mradi, na sura ya pili ya ripoti yake sharti ipitie maandiko yaliyotangulia. Hufungua mtambo wa kutafutia katika mtandao, huchukua makala tano za ukurasa wa kwanza, na kuziorodhesha. Siku ya kujitetea mtahini humwuliza: kwa nini hizi tano? Kijana hana jibu, kwa sababu hakuzichagua yeye. Zilichaguliwa na mtambo.

Hasara yake si alama peke yake. Wanakemia wana mzaha wa zamani usemao kwamba miezi miwili ya kazi maabarani yaweza kumwokolea mtu saa mbili za maktabani. Maana yake ni wazi: asiyesoma hurudia kwa jasho na gharama jaribio ambalo mwingine alilimaliza miaka 40 iliyopita, pengine na kosa lile lile.

Safari ya ugunduzi hadi rafuni

Ili kutafuta vyema, yafaa kujua maarifa ya sayansi husafiri vipi. Jambo jipya huanzia maabara au nyanjani. Mara nyingi husikika kwanza katika mkutano wa wataalamu. Baadaye huandikwa kama makala na kupelekwa kwa mhariri wa jarida, ambaye huwapa wataalamu wengine waihakiki kabla ya kuichapisha. Makala hiyo huingizwa katika faharasa ili wengine waione. Miaka ikipita, na makala za jambo hilo zikiwa nyingi, mtaalamu mmoja hukaa akazisoma zote na kuandika makala ya mapitio. Mwisho kabisa, yaliyokubalika huingia katika vitabu vya kiada na kamusi elezo.

Mwanafunzi husafiri njia hiyo hiyo kinyumenyume. Huanza na kamusi elezo ya fani yake au kitabu cha kiada, apate picha ya jumla na maneno ya kitaalamu. Kisha hutafuta makala ya mapitio, ambayo humwonyesha nani amefanya nini na wapi wataalamu wanatofautiana. Ndipo huzifikia makala zenyewe za utafiti. Anayerukia makala za utafiti moja kwa moja ni kama mgeni ashukaye Kariakoo usiku bila kujua jina la mtaa.

Kwa mhandisi kuna hazina nyingine ambazo hazimo katika majarida. Kuna hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, ambazo hueleza mitambo kwa michoro na vipimo. Ofisi ya Hataza ya Ulaya imezifungua mamilioni ya hati hizo bila malipo katika tovuti iitwayo Espacenet tangu mwaka 1998. Kuna viwango vya ubora vya kitaifa na kimataifa. Kuna tasnifu za vyuo vikuu na ripoti za wizara na mashirika. Mengi ya haya hayaonekani kwa anayetafuta katika majarida tu.

Faharasa zenyewe zina umri mkubwa. Index Medicus ya tiba ilianza mwaka 1879, Engineering Index mwaka 1884, na Chemical Abstracts mwaka 1907. Zote zilikuwa vitabu vinene vya karatasi kabla ya kuhamishiwa katika kompyuta. Google Scholar, inayotumiwa na wanafunzi wengi leo, ni ya mwaka 2004. Mbele ya chombo chochote kati ya hivi, mwanafunzi na aulize maswali manne. Kumbukumbu zake zinaanzia mwaka gani? Kinakusanya majarida yapi na kuacha yapi? Kinasoma lugha gani? Na je, kinatafuta ndani ya makala nzima, au katika kichwa na ikisiri pekee? Majibu huwa katika ukurasa wa maelezo ya chombo chenyewe, ukurasa ambao wengi hawaufungui.

Maneno ndiyo ufunguo

Sasa tuchukue mfano, msikilizaji. Fikiria mwanafunzi wa uhandisi wa mazingira aliyekulia chini ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Tangu utotoni ameona watu wenye meno ya madoa ya kahawia. Anajua kwamba chanzo ni floraidi, ambayo katika Bonde la Ufa hutoka katika miamba ya volkano na kuyeyuka ndani ya maji ya visima na chemchemi. Ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Kijana huyu anataka kubuni chujio la nyumbani la bei nafuu.

Akiandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "kusafisha maji Arusha", atapata hotuba, miradi na matangazo ya wauza vichujio. Ameuliza kwa maneno ya sokoni, ilhali majarida huandikwa kwa maneno ya maabara. Mkutubi atamwambia kwanza aligawe swali lake katika vipande vitatu: kitu kinachoondolewa, mahali kinapoondolewa, na njia ya kukiondoa. Kisha chini ya kila kipande aandike kila jina ambalo wataalamu hulitumia.

Hapo ndipo mambo huanza kufunguka. Kitendo cha kuondoa floraidi majini kina neno lake moja, "defluoridation". Njia nazo zina majina yake. Ipo ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyochunguzwa katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto huko Arusha na kutumika pia Nakuru nchini Kenya. Ipo ya shabu na chokaa, iliyoandaliwa na watafiti wa India, na inayojulikana kwa jina la Nalgonda, wilaya moja ya nchi hiyo yenye tatizo lile lile. Asiyelijua jina Nalgonda atapitwa na sehemu kubwa ya kazi ya Wahindi, kwa kuwa ndilo jina ambalo njia hiyo huandikwa kwalo.

Baada ya kupata maneno, kijana huyaunganisha. Hapa tuna deni kwa George Boole, mwanahisabati wa Kiingereza aliyefundisha Cork nchini Ireland, ambaye kitabu chake cha mwaka 1854 kilizigeuza kanuni za kufikiri kuwa hesabu. Kwa misingi yake hifadhidata huelewa maneno matatu. "AND", yaani na, hupunguza majibu, kwa sababu kila makala sharti iwe na maneno yote mawili. "OR", yaani au, huyapanua, na ndiyo hutumika kuunganisha majina mbalimbali ya kitu kimoja. "NOT" huondoa kisichotakiwa.

Tena hifadhidata nyingi hukubali alama ya nyota mwishoni mwa shina la neno, nayo huleta maneno yote yanayoanza hivyo. Kijana wetu akiandika "fluorid*" atashangaa. Pamoja na makala za kuondoa floraidi, atapata nyingine nyingi za kuiongeza majini, kwa sababu katika miji mingi ya Marekani, na katika baadhi ya maeneo ya Uingereza, huongezwa kwa kiasi kidogo ili kuzuia meno kuoza. Atashawishika kutumia "NOT" aziondoe zote. Asifanye haraka. Makala nzuri kuhusu madhara ya floraidi yaweza kuzitaja habari zote mbili, na neno "NOT" litaitupa pamoja na takataka. Ni salama zaidi kuongeza sharti, kwa mfano jina la njia au la eneo, kuliko kuondoa.

Kuna mtego mwingine wa maneno, nao ni wakati. Huko Colorado, Marekani, daktari wa meno Frederick McKay alianza kuyachunguza madoa ya kahawia ya meno mwanzoni mwa karne ya 20. Ni mwaka 1931 ndipo floraidi ilipotambuliwa kuwa chanzo. Basi maandiko ya kabla ya hapo huzungumzia meno yenye madoa, pasipo kuitaja floraidi kabisa. Anayetafuta kwa neno la leo hatayaona, japo yamo rafuni.

Viwango vya ubora navyo vina tarehe zake. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Lakini viwango vya muda vya Tanzania vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8, kwa kuwa katika sehemu nyingine maji mengine hayakupatikana. Mwanafunzi akikuta ripoti ya zamani isemayo kwamba maji ya kisima fulani yanafaa, anapaswa kuuliza: yalifaa kwa kiwango cha mwaka gani? Akiinukuu bila kuuliza, atawahakikishia wanakijiji usalama ambao haupo.

Kurudi nyuma, kwenda mbele

Makala moja nzuri ikipatikana, huwa ni njia panda. Marejeo yaliyoorodheshwa mwishoni humpeleka msomaji nyuma, kwa waliotangulia. Na faharasa ya manukuu humpeleka mbele, kwa waliokuja baadaye wakaitaja makala hiyo. Njia hii ya pili tunayo kwa sababu ya Mmarekani Eugene Garfield, aliyetoa Science Citation Index mwaka 1964. Leo Google Scholar hufanya kazi hiyo kwa kubofya mara moja mahali palipoandikwa idadi ya waliotaja.

Mfano bora wa jambo hili umetoka kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba nchini Tanganyika, alitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Aliyatia katika jokofu maziwa yangali moto, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopozwa. Aliuliza, akachekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa mjini Iringa, alimwuliza swali hilo hilo Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuwahutubia. Osborne hakumcheka, aliahidi kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Uingereza, Physics Education, na tangu hapo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba.

Mwanafunzi anayeishia hapo atakuwa na hadithi tamu, lakini si utafiti. Akienda kando, atagundua kwamba mwaka ule ule wa 1969 mwanafizikia wa Kanada, G. S. Kell, aliandika juu ya jambo hilo katika American Journal of Physics, pasipo habari za Mpemba. Akirudi nyuma, atakuta wamelizungumza Aristotle katika Ugiriki ya kale, Francis Bacon mwaka 1620 na René Descartes mwaka 1637. Wanafizikia walikuwa wamelisahau.

Akienda mbele, atakutana na makala ya mwaka 2016 katika Scientific Reports. Humo Henry Burridge na Paul Linden walirudia majaribio, wakapitia takwimu za waliotangulia, na kuhitimisha kwamba hawakupata ushahidi wa maana wa maji ya moto kupoa haraka kuliko ya baridi. Walionyesha pia kwamba kuhamisha kipimajoto kwa takriban sentimita moja kwaweza kubadili matokeo. Lakini wala mjadala haukufungwa. Mwaka 2020, katika Nature, Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walionyesha athari ya namna hiyo kwa chembe ndogo mno inayoelea majini na kuongozwa kwa mwanga wa leza.

Tazama basi, msikilizaji. Atakayesoma makala ya 1969 pekee atasema ni kweli. Atakayesoma ya 2016 pekee atasema ni uongo. Atakayezifuata zote ataeleza ni katika mazingira yapi jambo lilionekana, lilipimwaje, na swali gani limebaki.

Kupima kilichopatikana

Kupata makala si sawa na kuiamini. Mwezi Februari mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huhusiana na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010. Makala ya namna hiyo haitoweki. Ingali katika kompyuta za watu, na nakala zake huzunguka bila alama ya kufutwa. Ndiyo sababu inafaa kufungua ukurasa wa makala katika tovuti ya jarida lenyewe kabla ya kuinukuu.

Pia kuna majarida ya kitapeli yanayotoza waandishi ada na kuchapisha chochote bila uhakiki. Hupenda majina yanayofanana na ya majarida mashuhuri. Mkutubi mwenye uzoefu huyatambua kwa kuangalia nani wako katika bodi ya wahariri, na kama kweli jarida limo katika faharasa linazodai kuwamo.

Na siku hizi imeongezeka programu ya akili bandia inayojibu kwa maandishi fasaha. Yaweza kumsaidia mwanafunzi kupata maneno mbadala ya kutafutia. Lakini ikiombwa marejeo, mara nyingine hubuni majina ya makala ambazo hazijaandikwa na mtu yeyote, zikiwa na mwaka na jina la jarida. Mwezi Juni mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi zisizokuwapo, zilizobuniwa na programu hiyo. Kanuni ni rahisi: usiorodheshe makala ambayo hujaifungua kwa mikono yako.

Mlango uliofungwa kwa bei

Kuna mpaka mmoja ambao bidii peke yake haiuvuki, nao ni fedha. Mwaka 1982 watafiti kutoka Ulaya walichapisha katika jarida la Annals of Virology matokeo ya uchunguzi wa damu ya watu wa Liberia. Walikuwa wameona dalili za kinga dhidi ya virusi vya Ebola, wakaandika kwamba nchi hiyo ihesabiwe katika ukanda wa ugonjwa huo. Miaka 32 baadaye, mwaka 2014, Ebola iliilipukia Liberia pamoja na Guinea na Sierra Leone. Katika nchi hizo tatu walikufa watu zaidi ya 11,000.

Mwezi Aprili mwaka 2015, mganga mkuu wa Liberia, Bernice Dahn, na wenzake wawili waliandika katika gazeti la The New York Times kwamba wizara yao haikuwa na habari ya onyo hilo. Maandiko ya aina hiyo hayakuwa na mwandishi hata mmoja Mliberia, na kupakua moja ya makala hizo kungemgharimu daktari wa nchi hiyo dola 45, takriban nusu ya mshahara wake wa juma. Maarifa yalikuwapo tangu 1982. Waliyoyahitaji zaidi ndio hawakuyafikia.

Milango kadhaa imefunguliwa tangu hapo na hata kabla. WHO ilianzisha HINARI mwaka 2002 kwa majarida ya afya. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, likafuata na AGORA kwa ajili ya kilimo. Mwaka 2009 Shirika la Hakimiliki Ubunifu Duniani, WIPO, likaleta ARDI kwa ajili ya sayansi na teknolojia. Mipango hii, ambayo leo huitwa kwa pamoja Research4Life, huzipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida bure au kwa ada nafuu. Mara nyingi nywila iko mikononi mwa mkutubi wa chuo, na wanafunzi hawajui hata kuiulizia.

Wanafizikia na wanahisabati wana arXiv, hazina huria iliyoanza mwaka 1991. Orodha ya majarida huria, DOAJ, ipo tangu mwaka 2003. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Nairobi vimeweka tasnifu zao katika mtandao, na humo mwanafunzi wa ughaibuni atakuta takwimu za vijiji vya nyumbani zisizopatikana kwingineko. Vyote vikishindikana, mwandikie mwandishi wa makala barua pepe fupi yenye adabu. Wengi hufurahi kwamba kuna anayetaka kuwasoma.

Mkutubi na daftari

Wanafunzi waendao Uingereza, Marekani au Ghuba hushangaa kukuta kwamba vyuo vingi vina mkutubi maalumu wa uhandisi au wa sayansi, aliyeajiriwa kuwasaidia wao. Wengi huona haya kumwendea, wakidhani kuuliza ni kukiri ujinga. Tabia hiyo yafaa tuiache. Nenda kwake ukiwa na swali lililoandikwa, maneno uliyokwisha kuyajaribu, na makala moja au mbili ulizozipata. Nusu saa naye yaweza kukuokolea majuma.

La mwisho ni daftari. Kila unapotafuta, andika tarehe, chombo ulichotumia, maneno kamili uliyoyaandika, miaka uliyoweka, idadi ya majibu, na yale uliyoyachagua. Andika pia ulichokosa. Siku ya kujitetea, mtahini akiuliza kwa nini makala hizi, utafungua daftari na kumwonyesha njia uliyopita. Na ukisema "sikupata utafiti wowote juu ya jambo hili", utaweza kuongeza: katika hifadhidata hizi, kwa maneno haya, kuanzia mwaka huu hadi mwaka huu. Kauli ya namna hiyo mwingine anaweza kuipima, na akiona palipobaki pengo, ataendelea kutoka hapo.

Hayo ndiyo tuliyokuandalia kwa juma hili, msikilizaji. Kama una kijana aliye chuoni, mwulize usiku wa leo kama amewahi kumwona mkutubi wa kitivo chake.